Kwa Nini Watu Hawakai Kwenye Kampuni za Matangazo

Kampuni ya masoko na matangazo haina ghala wala mtambo. Inauza saa za watu: mbunifu wa michoro, mwandishi wa matangazo, mpangaji wa ratiba za redio na televisheni, na msimamizi wa akaunti anayesimama kati ya hao wote na mteja. Wafanyakazi wakiwa wa kuingia na kutoka, bidhaa yenyewe huyumba.

Chanzo kimejificha kwenye namna kampuni hizi zinavyolipwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wakala wa matangazo aliishi kwa kamisheni: gazeti au redio ilimwachia asilimia 15 ya bei ya tangazo. Mwaka 1956 Wizara ya Sheria ya Marekani na chama cha mawakala wa nchi hiyo walifikia makubaliano yaliyozuia kiwango hicho kulazimishwa, na taratibu kamisheni ikapisha ada za kila mwezi na malipo ya saa. Tangu hapo faida hutegemea tofauti kati ya mshahara wa mtu na bei ya saa zake kwa mteja. Tofauti hiyo hukua pale mtu mmoja anapobebeshwa wateja wanne kwa mshahara uleule. Wanaoelemewa kwanza ni vijana, maana ndio wengi na mishahara yao ni midogo.

Mteja naye hakai. Mkataba wake ukichukuliwa na kampuni nyingine, mishahara iliyotegemea ada yake hukosa wa kuilipa, na watu hupunguzwa. Maandalizi ya kuwania mteja mpya mara nyingi hayalipwi. Watu walewale hukesha wakiyafanya, na asubuhi wanarudi kwa wateja walio nao. Ngazi za vyeo ni fupi, kwa hiyo anayetaka mshahara mkubwa huhama. Wengi huishia upande wa mteja, kwenye benki au kampuni ya simu.

Hasara huonekana katika mambo madogo. Mbunifu ameondoka Ijumaa. Jumatatu mteja anataka bango la mwaka jana libadilishwe tarehe tu. Faili la asili lilibaki kwenye kompyuta ya aliyeondoka, na ofisini ipo picha tu isiyoharirika. Mrithi anachora upya. Mteja analitazama, anasema wekundu huo si wake. Ukurasa wake wa Instagram nao ulifunguliwa kwa namba ya simu ya mtu aliyeacha kazi zamani, na ujumbe wa uthibitisho bado unaingia kwenye simu ya mtu huyo.

Dawa ya hasara hii ni makabidhiano ya maandishi: mafaili yalipo, nywila, rangi na herufi za chapa, na mambo ambayo mteja aliwahi kuyakataa pamoja na sababu zake. Hilo la mwisho husahaulika mno, ilhali ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa sababu halipatikani kokote ila kichwani mwa aliyekuwepo.

Makabidhiano, hata hivyo, hayamzuii mtu kuondoka, kwani mzigo wa saa unaomchosha unabaki palepale. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki kwa wafanyakazi wasio mameneja. Saa za ziada hazitakiwi kuvuka 50 katika wiki nne, na kila moja hulipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Ofisi inayokesha kila wiki bila kulipa ziada haina haki ya kuwalaumu vijana kwa kukosa uvumilivu. Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri atoe hati ya utumishi ajira inapokoma, na kwa anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza wa kazi, notisi isipungue siku 28. Siku hizo zinatosha kuandika makabidhiano kamili, mradi aliyetoa notisi asibebeshwe kampeni nyingine mpya.