Bustani za Kusini Unguja (3): Wedelia na Mipaka Yake

Katika sehemu mbili zilizotangulia tumeeleza namna ya kupata udongo juu ya maweni, na miti ya kivuli inayostahimili upepo wa kusi. Leo tushuke chini ya miti hiyo. Uwanja wa nyumba ya Jambiani, iwe Kibigija au Kikadini, ukiachwa mtupu hurusha mchanga mpaka jikoni wakati wa kusi, na kaskazi jua hulichoma jiwe likawa halikanyagiki. Kila mwenye nyumba hutafuta kitu cha kuifunika ardhi hiyo, na kinachoonekana sana siku hizi, mahotelini na majumbani, ni wedelia.

Ndiyo ile inayotambaa chini, majani yake ya kijani yanang'aa na aghalabu yana ncha tatu, na maua yake ni ya manjano, kwani ni ya ukoo mmoja na alizeti. Asili yake ni Amerika ya Kati, visiwa vya Karibi na nchi za joto za Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiandika katika orodha zake mwaka 1759. Vitabu vya zamani huiita Wedelia trilobata. Tangu 1996 wataalamu wanaiita Sphagneticola trilobata, lakini wauza miche wameshikilia jina la kwanza.

Inapendwa kwa sababu mahali petu ni pagumu. Udongo wa Jambiani ni mchanga mweupe wa pwani, au kiasi kidogo cha udongo kilichojificha katika matundu ya jiwe. Maji ya visima vingi yana chumvi, na mimea mingi ya mapambo huanza kukauka ncha za majani hata kabla haijashika mizizi. Wedelia huvumilia chumvi, huvumilia ukavu wa Januari na Februari, na masika maji yakituama haiozi. Juani hutoa maua karibu mwaka mzima. Kivulini huenea vile vile, ila maua hupungua.

Kuipanda si kazi. Ngojea mvua za masika zishike. Kata vipande vya shubiri moja kutoka shina lililokomaa, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au vinne. Fukia vifundo viwili, na baina ya kipande na kipande acha dhiraa moja. Changanya mchanga na samadi ya mbuzi iliyokaa, pamoja na chenga zinazobaki kinamama wanapopiga makumbi ya nazi. Makumbi ya Jambiani hufukiwa pwani kwa miezi, kwa hiyo chenga zake zina chumvi. Ziache zinyeshewe na mvua kwanza. Mwagilia kila jioni kwa wiki mbili za mwanzo, kisha iache. Haitakuomba maji tena.

Taabu yake inatokana na wepesi huo huo. Kila kifundo kinachogusa ardhi hutoa mizizi, na kipande cha urefu wa kidole kinatosha kuanzisha shamba jipya. Ikishatanda, hunyima mwanga mimea mifupi iliyo chini yake, na hutoa udongoni kemikali zinazodumaza miche ya mimea mingine. Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) umeiweka katika orodha ya viumbe vigeni 100 vyenye madhara makubwa duniani. Huko Queensland, Australia, ilikopendwa kwa urembo kama tunavyoipenda sisi, leo sheria inakataza kuiuza na hata kumpa jirani bure.

Lakini tazama inavyosafiri. Katika nchi nyingi ilizopelekwa, mbegu zake zinazoota ni chache. Huenea kwa mashina. Basi nani huitoa uwanjani na kuifikisha kichakani? Ni sisi. Ni toroli la majani yaliyofyekwa na kumwagwa nyuma ya ukuta, ni gari la kifusi, ni matawi yaliyotupwa pwani yakachukuliwa na maji. Unguja tunalijua somo hili: kunguru wa Bara Hindi aliletwa katika miaka ya 1890 ili ale taka, na mpaka leo anakula vifaranga. Vichaka vya maweni vya kuelekea Muyuni vina dawa zetu, kuni zetu na malisho, na katika vichaka vya namna hiyo ndimo anamoishi paa nunga, mnyama adimu sana. Haifai tuwe sisi wa kuvipelekea vichaka hivyo wedelia.

Kwa hiyo anayeipanda aipande ndani ya mipaka. Mahali pazuri ni kitalu kilichobanwa baina ya ukuta na njia ya zege. Ukingo wa mawe peke yake hautoshi, maana shina hupanda juu yake na kushuka upande wa pili. Lazima panga lipite kila mwezi, na wakati wa masika kila wiki mbili. Majani yaliyokatwa yaanikwe juu ya sakafu ya saruji mpaka yavunjike mkononi, ndipo yarudi bustanini kuwa mboji. Mbuzi wasipewe: zipo taarifa za mifugo kuharibu mimba baada ya kuila. Anayetaka kuing'oa kabisa aanze baada ya mvua, udongo ukiwa laini, afuate kila kifundo, na arudie mpaka masika mengine yapite bila chipukizi. Dawa za kuua magugu zisitumike. Jiwe letu lina matundu, na kinachomwagwa juu hakikawii kufika kisimani.

Nyumba inayotazama bahari haina haja ya wedelia. Pale upo mlakasa, mtambaa wa pwani wenye maua ya zambarau, ambao mbegu zake huelea baharini na kujipanda zenyewe. Hushika mchanga usichukuliwe, nao haudai samadi wala maji ya kisima. Nyuma ya nyumba, panapofikika kwa ndoo, viazi vitamu hufunika ardhi vizuri, na matembele yake yanaingia chunguni.

Shauri letu, basi, ni hili: kabla ya kuomba tawi kwa jirani, amua nani katika nyumba atashika panga kila mwezi. Kama hakuna, panda viazi.

Juma lijalo: maji ya kisima chenye chumvi, na mboga zinazoyakubali.