Kusaga Meno na Kukereza Meno

Asili ya neno "kusaga" ni kazi ya mawe mawili yanayoponda nafaka hata ikawa unga, na magego ndiyo mawe ya kinywa. Basi mtu akisaga meno pasipo chakula, husemwa kuwa anasaga ghadhabu au majuto. Wenzetu Wakristo wanaujua usemi huu kutoka Injili ya Mathayo, ambamo umerudiwa mara sita katika habari za adhabu.

Katika Qur'ani Tukufu twaona picha iliyo karibu nayo, ila humo meno huuma mkono. Sura ya Aal Imran, aya ya 119, yawataja wanaojidai kuamini, kisha wakiwa faraghani wakauma ncha za vidole kwa chuki. Katika Al-Furqan, aya ya 27, dhalimu hujiuma mikono kwa majuto. Lakini meno hayo hayo yana sifa njema pia: katika Hadithi ya Irbadh bin Sariya, waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) aliamrisha Sunna yake ing'atwe kwa magego, yaani ishikwe barabara.

Kiswahili kina neno jingine, "kukereza meno". Mkereza ni fundi achongaye mti kwa kerezo, na anayemjua fundi huyo aijua sauti ile. Sisi twaliona neno hili kuwa ndilo limfaalo aliyelala, kwani aliyelala hana ugomvi na mtu.

Jambo hili si la lugha tupu. Mtoto akikereza meno usiku, wapo wanaosema ana minyoo, na wapo wanaosema ana jini, akaanza kufukizwa na kutiwa hofu bure. Dawa ya minyoo ina kazi yake, lakini haijathibitika kuwa minyoo ndiyo sababu. Hali hii ni ya kawaida kwa watoto, na wengi huiacha wakikua. Kwa watu wazima huhusishwa na wasiwasi, sigara, kahawa nyingi na baadhi ya dawa. Anayeamka na taya zinazouma, kichwa kizito au meno yaliyolika, amwone daktari wa meno, ambaye huweza kumtengenezea kifaa cha kuvaa usiku. Kifaa hicho hakiondoi wasiwasi. Hulinda meno tu.