Kichwa Kinauma Kila Siku? Hesabu Vidonge Vyako

Siku moja, baada ya kipindi cha klabu ya afya katika shule moja ya bweni, mwanafunzi wa kidato cha tatu alinisubiri nje ya darasa. "Dada, naomba nikuulize kitu," akasema. Akafungua begi lake, akanionyesha vidonge vya maumivu. "Kichwa kinaniuma kila siku. Nameza asubuhi, nameza tena kabla ya prepo. Lakini hakiponi, na siku hizi ndiyo kimezidi."

Je, msomaji, wewe ungemjibuje? Wengine wangemwambia abadilishe dawa. Wengine wangesema ni malaria hiyo. Mimi nilimuuliza kwanza: kinauma upande gani, kinaumaje, na kwa muda gani? Maana maumivu ya kichwa yako ya aina nyingi, na dawa ya aina moja si lazima iwe dawa ya nyingine.

Kichwa cha uchovu na mawazo

Hii ndiyo aina inayowapata watu wengi zaidi. Kichwa kinabana pande zote mbili, kama vile umefungwa kitambaa kwa nguvu. Shingo na mabega nayo yanakaza. Huletwa na wasiwasi wa mtihani, kukosa usingizi, au kuinamia daftari na simu kwa saa nyingi. Njaa na kiu navyo huumiza kichwa.

Tiba yake ya kwanza haiuzwi dukani. Kunywa maji, kula, nyoosha shingo, lala. Kisipotulia, ndipo umeze parasetamoli.

Kipandauso

Hiki si kichwa cha kawaida. Mara nyingi huuma upande mmoja na kugonga kama ngoma. Unasikia kichefuchefu, pengine unatapika. Mwanga na kelele vinakuudhi, na ukitembea ndiyo maumivu yanazidi. Wengine huona vimulimuli au mistari ya kupinda kabla hakijaanza. Kinaweza kukaa saa 4 hadi siku 3. Mara nyingi huanza wakati wa ujana, huwapata zaidi wasichana, na wengine hukipata karibu na siku za hedhi.

Mwenye kipandauso hajarogwa, wala hajisingizii ili akwepe vipindi. Ni ugonjwa unaojulikana. Ameze dawa mapema maumivu yanapoanza, kisha alale mahali penye giza na utulivu. Kama kinamrudia mara kwa mara, daktari anaweza kumpa dawa za kukizuia.

Kichwa chenye homa

Kama mwili umechemka na viungo vinauma, inaweza kuwa malaria, lakini pia inaweza kuwa mafua au homa nyingine. Huwezi kujua kwa kukisia. Nenda kituo cha afya ukapimwe. Ni tone la damu kidoleni, na kwa kipimo cha haraka majibu hupatikana ndani ya dakika 20 hivi. Kumeza dawa ya malaria bila kupima kunaweza kuficha ugonjwa mwingine.

Dawa inapogeuka kuwa ugonjwa

Sasa turudi kwa yule binti. Nilimwambia ahesabu siku alizomeza dawa mwezi uliopita. Akahesabu kwa vidole, akafika 24. Akanyamaza.

Watu wengi hawajui jambo hili: kwa mtu ambaye kichwa kinamsumbua mara kwa mara, dawa za maumivu zenyewe zinaweza kuleta maumivu ya kichwa. Ukimeza parasetamoli au aspirini siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, uko katika hatari hiyo. Kwa vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, siku 10 tu zinatosha. Kichwa kinauma, unameza. Dawa ikiisha nguvu, kinauma tena, unameza tena. Ndivyo mtu anavyonaswa.

Kwa hiyo shika haya:

- Kama una miaka 16 au zaidi na uzito wa kilo 50 au zaidi, meza kidonge 1 au 2 vya parasetamoli vya miligramu 500. Pisha saa 4 hadi 6 kabla ya kurudia. Visizidi 8 kwa saa 24, maana vikizidi vinaweza kuharibu ini. Mdogo zaidi amuulize mhudumu wa afya.
- Aspirini si ya walio chini ya miaka 16, labda daktari aagize.
- Usimeze dawa za maumivu zaidi ya siku 2 kwa wiki bila ushauri.
- Weka daftari: kichwa kiliuma lini, ulikula nini, ulilala saa ngapi, ulimeza nini.

Usisubiri, kimbia hospitali

Nenda mara moja kama kichwa kimeuma ghafla kuliko ulivyowahi kuumwa. Kama una homa na shingo imekakamaa, kwani inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Kama umechanganyikiwa, una degedege, au mkono au mguu umekosa nguvu. Au kama umeumia kichwani kisha ukaanza kutapika au kusinzia.

Yule binti alikwenda kituo cha afya na matroni wake, akaacha vile vidonge. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, kichwa kilimuuma kuliko mwanzo. Hilo ni kawaida, ndiyo maana ni vizuri kuacha ukiwa na msaada wa mhudumu. Daftari lake nalo likasema ukweli: alikuwa haamki mapema kunywa uji, na usiku alilala saa nne tu. Nilipomwona tena muhula uliofuata, kichwa kilikuwa kinamuuma siku mojamoja.

Na wewe, mwezi huu umemeza siku ngapi?