Trekta Kuukuu Lisilonyanyua Plau: Msaada Utafutwe Namna Gani

Mvua za kwanza zinapoanguka, trekta la chama lililosimama shambani plau likiwa chini ni hasara inayohesabika kwa ekari. Wanachama waliokwisha lipia kulimiwa humjia katibu ofisini, na katibu, ili kuwaridhisha, humwita fundi yeyote aliye karibu. Fundi husema pampu imekufa. Kamati hukutana jioni, fedha hutolewa, pampu hununuliwa mjini, na baada ya siku nne plau bado liko chini.

Si haki kumlaumu fundi peke yake. Aghalabu chama huomba msaada kabla ya kujua kinaumwa wapi.

Chukua Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa mwaka 1964 na ambalo lingali likionekana mashambani Afrika Mashariki. Mikono yake ya nyuma hunyanyuliwa kwa haidroliki, yaani oili inayosukumwa na pampu mpaka ndani ya silinda, ikaisogeza pistoni. Pampu hiyo haionekani kwa nje. Imezama katika oili ndani ya mwili wa trekta, na oili hiyo ndiyo inayolainisha pia giaboksi. Kuitoa ni kufungua kifuniko kikubwa cha juu pamoja na mikono yake, na kuivuta nyuma shafti inayoiendesha. Kazi hiyo haifanywi chini ya mwembe penye vumbi. Katika Ford 3000 ya miaka hiyo hiyo, pampu imefungwa kwenye injini, na oili yake haichanganyiki na ya giaboksi. Kwa hiyo fundi hodari wa moja asidhaniwe kuwa hodari wa jingine.

Kabla ya kufungua chochote, oili ipimwe. Trekta lililokuwa likivuta tela la kumwaga mzigo huweza kupungukiwa oili bila dereva kutambua, kwa kuwa sehemu yake hukimbilia katika jeki ya tela, na tela likifunguliwa huondoka nayo. Rangi nayo iangaliwe. Oili iliyogeuka kama maziwa imeingia maji. Na katika trekta linalolala nje, maji hayo mara nyingi hupenya kwenye mpira uliochanika chini ya gia. Oili ya namna hiyo imwagwe yote, na chujio la pampu lisafishwe. Kuongeza oili mpya juu ya ile chafu ni kutupa fedha ya wanachama. Dereva naye aulizwe jinsi anavyotumia wenzo mbili zilizo kuumeni kwake, maana moja ni ya kulipa plau kina na nyingine ni ya kulishika mahali, na dereva mgeni huzichanganya. Tena, penye klachi ya hatua mbili, kanyagio likifika chini kabisa pampu husimama; hilo si ugonjwa.

Baada ya hapo dalili zenyewe husema. Plau likinyanyuka asubuhi na kukataa mchana oili ikiwa imepata moto, kuna kitu kilicholika, ama pampu ama sili, kwa kuwa oili ya moto ni nyepesi na hupenya upesi. Likinyanyuka vizuri kisha likashuka lenyewe injini inapozimwa, pampu isishtakiwe kwanza. Oili inavuja katika silinda au vali. Mikono ikitetemeka na pampu ikilia, yamkini inanyonya hewa au chujio limeziba. Na kama mikono hunyanyuka mitupu lakini hushindwa na plau, kabla ya yote iulizwe kama plau hilo ni la trekta hilo, au liliazimwa kutoka kwenye trekta kubwa zaidi.

Mambo hayo yaandikwe. Barua isemayo “trekta letu ni bovu, tunaomba fundi” haimsaidii yeyote. Barua ifaayo hutaja aina ya trekta, namba iliyo kwenye bamba lake, dalili wakati wa baridi na wakati wa moto, oili iliyomo na tarehe iliyotiwa, na jina la aliyelifungua mara ya mwisho. Fundi aliye mbali akiisoma huweza kuja na sili za shilingi chache, au kukataa mapema kazi asiyoiweza.

Barua hiyo ipelekwe kwa nani? Katika Tanzania, afisa zana za kilimo wa wilaya ndiye wa kwanza kuulizwa. CAMARTEC iliyoko Arusha hushughulika na zana za kilimo, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, huwajua wenye karakana za kuchonga vyuma. Mafundi wa magreda na malori ya kumwaga mchanga huijua haidroliki kuliko mafundi wengi wa magari, na wengine wana geji ya kupimia presha. Wazee waliostaafu wasisahauliwe. Kuhusu vipuri, umri wa trekta usiwatishe wanakamati: viwanda vya Millat huko Pakistani na TAFE huko India viliendelea kutengeneza matrekta ya ukoo huo, na sehemu kadhaa zinalingana. Hata hivyo kipuri cha zamani kichukuliwe dukani kikalinganishwe. Mpira wa presha nao hukatwa na kubanwa kwa kufuata ule wa zamani.

Onyo moja halina mzaha. Presha ya mfumo huu hupita paundi 2,000 kwa inchi ya mraba, ilhali gurudumu la gari dogo hutosheka na 30 hivi. Mvujo usitafutwe kwa kidole. Utumiwe ubao au karatasi ngumu. Oili iliyopenya ngozini huacha alama kama ya mwiba, lakini mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama haumwi. Na hakuna aingiaye chini ya plau lililoshikwa na haidroliki pekee bila magogo imara.

Mapatano na fundi yaandikwe kabla ya kazi. Vipuri vinunuliwe na chama chenyewe kwa stakabadhi, vya zamani virudishwe stoo na kuingizwa katika leja, na sehemu ya mwisho ya ujira ilipwe baada ya trekta kulima saa mbili juani, oili ikiwa ya moto, mbele ya dereva na mjumbe mmoja wa kamati.