Mchezo wa Maneno Kinywani na Karatasini

Mzaha unaojengwa juu ya maneno yanayofanana una sharti moja: neno lisemwe mara moja, maana zipatikane mbili. Anayeuandika hulazimika kuchagua tahajia, na mara nyingi tahajia huchagua maana. Hapo ndipo mzaha mzuri huweza kufia mikononi mwa mkusanyaji wa fasihi simulizi, hata akiwa mwangalifu.

Mfano ulio wazi mjini Kisangani ni jozi ya kura na kula. Mji huu ni makutano ya Kiswahili na Kilingala, na Kilingala cha asili hakina sauti [r]. Wengi waliolelewa katika lugha hiyo hutamka [l] mahali pa [r] hata wasemapo Kiswahili. Ichukuliwe sentensi "Wakati wa kula umefika", isemwe katika mwaka wa uchaguzi kama 2006, 2011, 2018 au 2023. Msikilizaji hupata habari mbili kwa pamoja: kwamba siku ya kupiga kura imewadia, na kwamba wakubwa wako tayari kujaza matumbo. Mhariri akisahihisha na kuandika "kura", hubaki tangazo tupu. Akiacha "kula" bila maelezo, hubaki shutuma, au pengine mwaliko wa chakula. Msemaji hakusema hili peke yake wala lile peke yake. Aliyasema yote mawili, na kama chifu alikuwa amesimama karibu, aliweza kujificha nyuma ya maana iliyo salama. Maficho hayo ndiyo kazi yenyewe ya mzaha. Kuyaondoa ni kumbebesha mtu maneno ambayo hakukubali kuyabeba.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba maandishi ni adui wa mzaha siku zote. Ipo mizaha isiyowezekana ila karatasini. "Dereva anaijua barabara" ni sentensi yenye maana mbili kwa msomaji: ama dereva anaifahamu njia, ama anaifahamu gari yake vilivyo. Kinywani shadda huamua mara moja, kwani neno la njia hutiwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na lile lenye maana ya "sawasawa" kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Vivyo hivyo neno tembo: kinywani mwa Mmombasa, mnyama huanza kwa [t] yenye mpumuo na kinywaji kwa [t] isiyo nao. Tahajia sanifu haionyeshi tofauti hiyo, wala wasemaji wengi wa bara hawaitamki. Hivyo mzaha wa mlevi aliyeangushwa na tembo waweza kuchapishwa gazetini Mombasa bila taabu, lakini msimulizi wa huko akiutamka huwa ameufichua.

Kisangani ina utata wa ziada. Kwa Mswahili, moto huunguza. Kwa msemaji wa Kilingala, umbo hilohilo, liandikwapo bila alama za toni wala za irabu wazi kama ilivyo kawaida, ni mtu, au kichwa, au moto vilevile. Maneno "moto na ndako" yakiandikwa ukutani yaweza kumtangaza mtu aliyemo nyumbani au nyumba inayoungua. Yakitamkwa, toni na irabu hutenganisha. Naye Mswahili asiyejua Kilingala vizuri huusikia moto tu, akakimbilia maji. Kicheko hapa hakimo katika lugha yoyote kati ya hizo mbili. Kimo katika mwanya ulio kati yake, na mwanya huo hauna tahajia.

Baadhi ya wakusanyaji wangependa kuandika "kula/kura" kwa mkwaju. Njia hiyo ni ya haki lakini ni mbaya: msomaji huonyeshwa maana zote kabla hajapata nafasi ya kudanganyika. Lililo bora ni kuliandika neno kama lilivyotamkwa, bila kulisahihisha, na kuyaweka maelezo baada ya mzaha kwisha: nani alisema, kwa lafudhi gani, mbele ya nani, na waliocheka walikuwa wasemaji wa lugha ipi.