Livorno, Mji Uliojengwa na Wageni

Livorno iko pwani ya Toscana, magharibi mwa Italia, karibu kabisa na Pisa. Ina watu zaidi ya 150,000 na bandari kubwa. Ukitaka kuwajua wenyeji wake, anza na chungu chao.

Cacciucco ni mchuzi mzito wa nyanya, kitunguu saumu, pilipili na divai nyekundu. Pweza na ngisi hutangulia chunguni kwa kuwa ni wagumu. Samaki laini huingia mwisho. Hupakuliwa juu ya mkate uliobanikwa na kusuguliwa kitunguu saumu. Wenyeji husema aina za samaki zisipungue tano, sawa na herufi c zilizomo katika jina lake. Mwenye haraka hununua mkate uliojazwa chapati ya unga wa dengu iliyookwa tanurini. Huuita "tano na tano", kwa sababu zamani mtu aliagiza mkate wa senti tano na chapati ya senti tano.

Mchanganyiko wa chungu hicho ndio historia ya mji. Livorno ilikuwa kijiji chenye ngome, kilichozungukwa na vinamasi vya malaria, hadi ukoo wa Medici, watawala wa Toscana, ulipoamua kukifanya bandari kuu. Mwaka 1591 na 1593 Ferdinando I, mtawala wa ukoo huo, alitoa sheria za kuwaalika wafanyabiashara wa kila taifa: Wayahudi, Wagiriki, Waarmenia, Waturuki, Waajemi. Aliwaahidi uhuru wa ibada na nafuu ya kodi. Wayahudi, waliofungiwa katika mitaa iliyozungushiwa kuta kule Roma, Venezia na Firenze, hapa waliishi walipotaka na kumiliki nyumba. Katika jamii hiyo alizaliwa mchoraji Amedeo Modigliani mwaka 1884. Kuanzia 1629 ukajengwa mtaa wa Venezia Nuova, wenye mifereji inayofikisha mashua hadi milangoni mwa maghala.

Hata hivyo, si wote waliofika kwa mwaliko. Bandari ileile iliyompa Myahudi nyumba ilimfunga pingu mateka wa Kiislamu aliyekamatwa baharini. Ushahidi umesimama karibu na maji. Chini ya sanamu ya Ferdinando wameketi wanaume wanne wa shaba, mikono imefungwa nyuma kwa minyororo, migongo imepinda. Mmoja ni kijana mwenye sura ya Kiafrika, ameinua uso kwa uchungu. Waliundwa na Pietro Tacca katika miaka ya 1620. Wenyeji watakuonyesha mahali pa kusimama ili uone pua zote nne kwa pamoja. Nakusihi utazame kwanza macho.

Mnara huo ulisimamishwa kumtukuza mtawala. Leo hakuna anayeuita kwa jina la Ferdinando. Mji mzima unauita kwa mateka wake: Quattro Mori, yaani Wamori Wanne.