Je, Wajua? Pikapu, Mninga na Gitaa la Umeme

Je, wajua kwamba pikapu ya gitaa la umeme haina sikio la mbao? Ndani yake mna sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara, yaani koili. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unavurugika na umeme mdogo unazaliwa kwenye waya. Michael Faraday aliigundua kanuni hiyo mwaka 1831, na ndiyo hiyo hiyo inayofua umeme kwenye mabwawa ya Kidatu na Mtera. Funga nyuzi za nailoni kwenye gitaa hilo, spika itabaki kimya.

Je, wajua kwamba gitaa la umeme la kwanza kupata soko halikuwa na bodi la mbao? Kampuni ya Rickenbacker ilianza kuliuza mwaka 1932 huko Marekani, bodi lake ni alumini ya kumimina. Mwaka 1969 Dan Armstrong akaleta la plastiki angavu, tena pikapu zake unachomoa moja na kuchomeka nyingine.

Mbao ina kazi gani basi? Kwanza ni uzito, halafu ni kushika skrubu na kutopinda. Kisha kuna jambo la ndani zaidi: bodi na shingo hunyonya sehemu ya nguvu ya uzi, kwa hiyo noti nyingine hudumu na nyingine hufa upesi. Mafundi wanabishana hadi leo kiasi gani cha hayo kinafika kwenye spika. Msimamo wangu ni huu: ukiisogeza pikapu sentimita tatu kutoka darajani kuelekea shingoni, utasikia badiliko kubwa kuliko ukibadilisha mti mzima.

Je, wajua kwamba fundi wa Gongo la Mboto anayetaka kuunda bodi la gitaa hana haja ya kuagiza mbao ng'ambo? Kwenye karakana za samani kuelekea Pugu aulize mninga, ule ule wa vitanda na milango. Sifa yake kubwa ni utulivu: ukishakauka vizuri, hausinyai wala kupinda sana, na katika unyevu wa Dar es Salaam hilo ni jambo la kwanza. Ila mbao mbichi ni mbao mbichi, hata iwe mninga. Iache ikauke kwanza. Na ukiipiga randa vaa barakoa, maana vumbi lake huwasumbua wengi kifuani.

Tupige hesabu kidogo. Bodi la umbo la Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, lina ujazo wa kama lita nne. Kwa alda, mbao ambayo Fender wameitumia sana tangu mwaka 1956, utapata karibu kilo 1.8. Kwa mninga, kama kilo 2.5. Kwa mpingo, kilo 5, kabla hujafunga shingo, pikapu wala vyuma! Mpingo ni mzito kuliko maji. Ukiutupa mtoni unazama. Mpiga solo anayesimama jukwaani kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane hawezi kuning'iniza mzigo huo begani. Mahali pake ni ule ubao mwembamba wa juu ya shingo, unapobonyeza nyuzi: mgumu, laini kwa kidole, na hauliki upesi.

Je, wajua kwamba hata paina inafaa? Magitaa ya mwanzo kabisa ya Leo Fender, mwaka 1949 na 1950, yalikuwa ya paina. Mbao za paina za Sao Hill, Mufindi, zinauzwa jijini kila siku. Ni laini, zinabonyea upesi, lakini kwa anayejifunza kazi sioni mbao bora zaidi kwa bei yake.

Na mkangazi ni wa ukoo mmoja na mahogani ya Amerika, ile iliyotumika kwenye Gibson Les Paul ya mwaka 1952. Gitaa hilo lilivikwa pikapu za hambaka mwaka 1957, zilizobuniwa na Seth Lover. Hambaka ina koili mbili zilizopangwa kinyume, sumaku zake nazo kinyume, hivyo mvumo unaoingia kutoka nje unajifuta wenyewe na sauti ya uzi inabaki, nene na nzito.

Hilo la mvumo si dogo kwetu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na pikapu ya koili moja inaunasa kama antena. Baa yenye taa za tyubu, mafriji ya bia na jenereta nyuma ya ukuta itakuvumia usiku kucha. Dawa nafuu ya kuupunguza mvumo, bila kubadilisha pikapu: bandika karatasi ya shaba ndani ya uwazi zinamokaa pikapu na nyaya, kisha iunganishe na waya wa ethi.

Je, wajua kwamba volyumu nayo inachagua pikapu? Koili moja kwa kawaida hupewa kitufe cha volyumu cha kiloomu 250, hambaka 500. Ukiiwekea hambaka 250, sauti za juu zinamezwa na gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Wengi hulaumu mbao hapo, na mbao haijakosa kitu.

Sasa sikiliza muziki wa dansi, ule wa bendi za Msondo na Mlimani Park, hii ya pili iliyoundwa mwaka 1978. Solo, ridhimu na magitaa mengine hayapigi kitu kimoja. Yanajibizana, kila moja na njia yake. Yakiwa na pikapu zilezile mahali palepale, yanagandana. Kwa mpangilio huo mimi ningempa mpiga solo koili moja karibu na daraja, ikate juu ya tarumbeta, na mpiga ridhimu ningempa pikapu ya shingoni. Mbao ningeichagua baadaye, kwa uzito.

Kuna mahali pamoja ambapo bodi linasikika waziwazi. Pikapu ambayo waya wake umelegea hutikisika pamoja na mbao, na volyumu ikipanda inapiga kelele kali. Mafundi huichovya kwenye nta ya parafini iliyoyeyushwa na kuchanganywa na nta ya nyuki kidogo. Nta ya nyuki tunayo, Tabora imejaa.

Je, wajua kwamba pikapu iliyopandishwa mno huvuta uzi? Sumaku ikikaribia nyuzi nene, gitaa halikubali kutyuniwa huko juu ya shingo. Shusha pikapu kidogo kabla hujampelekea fundi gitaa lako.

La mwisho, kwa wenye kuwaza biashara. Mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Mninga, mkongo na mkangazi viliongezwa kwenye mkutano wa Panama wa Novemba 2022. Magogo na mbao za miti hiyo haziwezi kuvuka mpaka bila kibali cha mkataba huo. Gitaa lililokwisha kuundwa halimo katika sharti hilo.